Ufunguo Uko kwa Nunu

Ragnhild,
ufunguo uko kwa Nunu, ghorofa ya chini, mlango wa kijani.
Hatakupa kabla hujala. Usibishane naye.
Sema umeshiba mara tatu; ya nne ataamini,
na hata hapo atakufungia mkate wa jibini kwenye gazeti
upande nao juu, usije ukalala njaa katika Tbilisi yake.

Lifti yetu inakula sarafu.
Nimekuachia nusu chupa ya haradali, kwa Nunu vilevile.
Tumbukiza moja, isikilize ikidondoka, ndipo ubonyeze saba.
Ikikwama kati ya nne na tano
usipige mayowe. Gonga kwa pete.
Zaza atakuja na bisibisi na kandambili,
atakuuliza habari za kwenu kupitia ufa wa mlango,
na hatakutoa hadi umalize kujibu.
Kushuka ni bure.
Mji huu wote uko hivyo.

Bomba jekundu ni la baridi, la bluu ni la moto:
fundi alikuwa ametoka harusini.
Jikoni, kiberiti kwanza, gesi baadaye.
Mimi nilianza kinyume, na nyusi zangu ni shahidi.

Asubuhi fuata harufu hadi kona ya kinyozi, shuka ngazi tano.
Mwoka mikate hujiinamisha ndani ya tanuri
hadi zinabaki nyayo zake tu.
Usiogope, hurudi,
na mkate mkononi uliopinda kama mwezi mchanga.
Ncha yake huliwa njiani.
Anayefika nyumbani na mkate mzima
ama mgonjwa, ama ana kesi mahakamani.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sisi tumeugeuza usemi:
mgeni yuaja, mwenyeji keshaondoka na sanduku lake,
sijui nani kati yetu atapona.

Mimi nitakuwa kwako Bergen, ndani ya mvua
uliyoniomba radhi kwa ajili yake
kana kwamba unaifuga.
Umeniandikia kurasa nne kuhusu takataka,
karatasi huku, chupa kule, maganda kwenye ndoo yenye mfuniko.
Nimezisoma mara mbili, kitandani, kama barua ya mtu.
Lakini hukuniambia unalala upande gani.
Mimi nalala kushoto.
Kulia godoro limebonyea, si kwa uzito wangu.
Chagua.

Wakikualika mezani, na watakualika,
glasi ya marehemu itafika.
Mtaje wako, kwa lugha yako, hawatahitaji tafsiri.
Wa kwangu ni Shalva.
Wakimtaja wao, kunywa kidogo.

Sasa droo.
Ya tatu, kabati la chumbani, haina kufuli.
Humo mna miwani, na saa yake ya mezani
niliyoifungia humo kwa sababu ya kelele zake.
Bado inatembea. Kila Ijumaa huitia ufunguo.
Nilikuwa nimekuandikia: tafadhali, usifungue.
Nimefuta, unaona wino ulivyochafuka.
Nikaandika tena: ukikumbuka, Ijumaa,
mizunguko kumi na miwili, usizidishe,
inakuwa nzito kwenye wa kumi, hapo usiihurumie.
Na usipokumbuka
usinidanganye kwa kurekebisha mishale.

Mashuka usifue.
Kikombe chako cha mwisho kiache kilivyo, na masimbi yake.
Nimechoka kurudi kwenye nyumba iliyo safi
kama nilivyoiacha.

Ni mimi, Tsiala.

Nimesahau: sarafu zikiisha, ngazi ni mia na nne.
Pumzika ya sitini. Pana dirisha.